Stempu ya Mwezi Ujao

Karani wa bili alikuwa na kisahani cha bati chenye sponji, na kwa miaka kumi na tisa alilowesha stempu zake hapo. Wenzake walilamba. Yeye hakulamba, alisema gundi ya stempu inaharibu ladha ya chai, na chai ya ofisini ilikuwa mbaya tayari bila kusaidiwa. Kila tarehe kumi na tano bili za maji zilitoka kwenye mashine zikiwa bado na joto. Alizikunja mara tatu, akazitia kwenye bahasha zenye kidirisha, akabandika stempu kwenye kona ya juu kulia, sawasawa, akibakiza ukingo wa upana wa ukucha. Mteja mmoja aliwahi kumwambia kwamba bahasha zake zilikuwa nzuri kuliko habari zilizokuwamo, na karani alishukuru.

Kisha posta ikapandisha bei ya stempu. Ilipandisha Januari, ikapandisha Julai, na watu walipokuwa bado wanalalamikia ya Julai ikapandisha tena. Meneja wa kampuni ya maji, mtu mnene, mpole, ambaye hakuweza kuanza sentensi bila "ndugu zangu", aliita kikao.

"Ndugu zangu," alisema, "tunatumia pesa nyingi kumwambia mtu deni lake kuliko deni lenyewe."

Ikaamuliwa bili zisitumwe tena. Kila mteja afuate ya kwake. Karani aliagizwa kuandika tangazo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuziba kila tundu, aliandika kwamba kila mteja aliyemo kwenye daftari afike mwenyewe dirisha la tatu, mwisho wa mwezi, kuchukua bili yake. Hatapewa mtu mwingine, awe mke, mume, mtoto au jirani. Na anayetaka kutumiwa kwa posta, basi iletwe stempu ya kubandika. Meneja alisoma mara mbili akasema limekaa vizuri. Likabandikwa mlangoni.

Walio hai walianza kuja tarehe ishirini na tano, wananuna. Wafu walichelewa kidogo kwa sababu wanatoka mbali. Walifika tarehe thelathini, saa tisa alasiri, jua likiwa bado kali, wakapanga foleni nyuma ya wengine bila kusukumana. Mlinzi wa getini aliwaandikisha kwenye daftari la wageni kama watu wote. Penye "unakotoka" waliandika "mbali", na penye "unakwenda kumwona nani" waliandika "dirisha la tatu". Malalamiko ya mlinzi yalikuwa juu ya vumbi la viatu vyao, maana ukumbi alikuwa anaufagia yeye.

Walikuwamo kwenye daftari la wateja, ndiyo maana walikuja. Hakuna aliyewahi kufutwa humo. Mtu akifa, bili iliendelea kufika nyumbani kwa jina lake, waliobaki wakalipa, mambo yakaenda. Posta ilipokuwa inafikisha bahasha, marehemu hakuwa na haja ya kusumbuka.

Mama mmoja kwenye foleni aliuliza kama hawa nao hawana foleni yao. Mlinzi alimwonyesha kibao ukutani: kipaumbele ni wazee, wajawazito na wagonjwa. Mama alisoma, akaona kweli wafu hawamo, akaendelea kujipepea kwa risiti yake.

Wa kwanza kati yao alikuwa mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake mpaka kufa. Nyumba yake ilibomolewa kupisha barabara, na mita ikafukiwa chini ya lami, lakini kila mwezi alitozwa huduma ya mita. Alikuwa na barua ya kulalamika, mwandiko mzuri wa ubaoni, na aliisoma yote dirishani kwa sauti ya taratibu. Karani aliipiga mhuri wa "imepokelewa", akaitia kwenye trei, akampa bili.

Wa nne alikuwa mke wa karani.

Hapa inabidi kueleza. Mita ya nyumba ya karani ilikuwa kwa jina la mkewe, kwa sababu zamani zile karani asingeweza kujipitishia ombi lake mwenyewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alifariki miaka minne nyuma. Miguu ilianza kuvimba, kisha moyo ukasimama, tarehe kumi na tano, saa tano asubuhi, karani akiwa ofisini anakunja bili. Hawakuagana. Kubadilisha jina kwenye mita ilikuwa kazi ya dakika kumi, naye hakuifanya. Kila mwezi alibandika stempu kwenye bahasha ile kwa mkono wake, ikaenda posta, ikazunguka, na baada ya siku tatu ikapenya chini ya mlango wake mwenyewe, jina la mkewe likisomeka kwenye kidirisha. Nyumba ile haikuwa inatembelewa na kitu kingine.

Tangazo lilipotoka, bili ile ilibaki kwenye rafu pamoja na nyingine. Angeitia mfukoni akaenda nayo, nani angemuuliza? Lakini tangazo aliliandika mwenyewe, na sheria ni msumeno. Akaiacha pale.

"Karani," mkewe alisema. Hata nyumbani alimwita hivyo. Alivaa gauni la kijani na viatu vyeusi alivyozikwa navyo.

"Bibie. Kitambulisho?"

"Wewe nawe."

"Ni utaratibu."

"Kiko kwako. Kabatini, droo ya juu, chini ya vitambaa."

Karani alikumbuka kwamba kweli kiko hapo. Akaandika pembeni "mteja anajulikana", akampa bili. Mkewe aliisoma, mkono mmoja kiunoni.

"Bomba la jikoni bado linavuja," alisema.

"Linavuja."

"Naona. Uniti kumi na mbili, mtu mmoja. Unaogesha nani?"

Karani alijibu kwamba fundi bomba alimwahidi. Mkewe alisema fundi huyo alimwahidi yeye pia, akiwa hai. Akaikunja bili mara nne, alivyokuwa anakunja kila karatasi, akaishika kiganjani. Dakika tatu zilikuwa zimepita na nyuma yake kulikuwa na watu saba.

"Haya," alisema.

"Haya," karani alisema. "Anayefuata."

Kuanzia mwezi huo karani alinyoosha shati tarehe ishirini na tisa. Alikuwa na karatasi mezani ambamo aliandika mambo ya kumwambia mkewe: jirani wa kulia amehama, cherehani ameifunika vizuri, amejifunza kuchemsha mayai bila kuyapasua. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi hakuwa na mtu wa kusema naye, kwa hiyo karatasi ilijaa haraka. Akifika dirishani alisoma yale ya juu tu. Mkewe alisikiliza yote, akacheka penye kuchekesha.

Mwezi wa tatu mkewe alisema, "Karani, nitoe kwenye hilo daftari lenu."

"Kwa nini?"

"Siku kumi na mbili kuja, kumi na mbili kurudi. Nikifika nakaa kidogo, nikisema sasa niegemee, siku zimekwisha. Nimechoka, mwenzangu."

Fomu za kufunga akaunti zilikuwa kwenye droo karibu na goti lake, hamsini, zimefungwa kwa mpira.

"Fomu zimekwisha," karani alisema.

"Aa. Zikija basi."

Mwezi wa nne alisema hazijaletwa. Mkewe alitikisa kichwa akasema ofisi ni ofisi. Karani alirudi nyumbani kwa miguu, akala yai lake, akajiambia kwamba mtu mzima anaweza kuvumilia kutembea kidogo. Hakuamini, lakini alilala.

Mwezi wa tano mkewe aliomba radhi, akaegemea kaunta, akavua kiatu kimoja.

"Kinabana?" karani aliuliza.

"Ni nambari thelathini na nane."

"Wewe unavaa ngapi?"

"Arobaini."

Karani alitazama meza. Viatu alinunua yeye, siku ile, mbio mbio. Muuzaji alimuuliza nambari, na kwa aibu ya kutojua akataja ya kwanza iliyomjia. Alikuwa anajua kwa kichwa nambari za mita za mitaa sita.

"Miaka ishirini na sita, Karani," mkewe alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajikanda vidole.

Mwezi wa sita karani alikuja na boksi. Viatu vya kahawia, visigino vifupi, nambari arobaini. Mkewe alivivaa palepale, akasimama navyo, akatembea mpaka kwenye kibao cha kipaumbele na kurudi. Mwalimu mstaafu alisema vimempendeza.

"Raha iliyoje," mkewe alisema. Kisha akaviondoa, akavirudisha kwenye boksi, kila kimoja kikitazama upande wake. "Ila siwezi kwenda navyo. Kule hupokelewi na kitu ambacho hukuja nacho. Nao wana daftari lao."

Alipoanza kujisukumia miguu kwenye vile vyeusi, karani alifungua droo.

"Fomu zimeletwa," alisema.

Mkewe aliishika ile aliyopewa, akapitisha kidole juu yake, akakitazama kidole. "Zimekuja na vumbi lake," alisema.

"Nisamehe."

"Nilijua tangu mwezi wa tatu. Wewe ukisema uongo unapanga kalamu."

Karani aliziacha kalamu. Mkewe alijaza jina, nambari ya mita, na penye sababu akaandika "nimefariki". Akatia saini. Ilikuwa saini ileile, yenye mkia kama uzi uliosahauliwa kukatwa.

"Basi tuagane leo," alisema, "maana ile siku hukuwepo."

Wakaagana. Foleni ilisubiri. Karani alishika mkono wake kwa kupitia tundu la dirisha, na ulikuwa mkono wa kawaida, wenye sugu ya mkasi.

Kesho yake alipeleka fomu kwa meneja.

"Amefariki lini?" meneja aliuliza.

"Miaka minne sasa."

"Na hii saini ni ya jana."

"Ndiyo, mkubwa."

"Ndugu yangu karani, aliyefariki anatiaje saini?"

"Alikuja mwenyewe."

"Kama anakuja mwenyewe, anachukua bili mwenyewe, anatia saini mwenyewe, mimi nitaandika vipi kwamba hayupo?" Meneja alisema kwa upole, akamsogezea kiti. "Tena tuseme ukweli. Hawa ni wateja wazuri. Hawagombi. Hawaombi kupunguziwa. Na hawatugharimu hata stempu moja." Akaweka fomu kwenye trei, juu ya barua sita za mwalimu mstaafu.

Tarehe kumi na tano bili ya mkewe ilitoka kwenye mashine pamoja na nyingine, ina joto kama nyingine. Karani aliishika muda mrefu. Tarehe kumi na nane mkewe angeanza tena kutembea. Ndipo akakumbuka tundu moja ambalo hakuliziba: anayetaka kutumiwa, iletwe stempu ya kubandika. Hakuandika iletwe na nani.

Saa ya chakula alikwenda posta. Foleni ilikuwa ndefu, na dirishani walibandika bei mpya juu ya bei ya zamani, na ya zamani juu ya ile iliyotangulia, kibao kimevimba kwa karatasi. Alinunua stempu moja. Kwa bei ile zamani alikuwa ananunua nne. Akarudi, akalowesha sponji, akabandika, akakandamiza kwa kidole gumba. Alikuwa analipa ili asimwone mkewe, na alijua hivyo alipokuwa anatumbukiza bahasha kwenye sanduku.

Tarehe thelathini saa tisa walikuja wote isipokuwa yeye.

"Yule mama wa viatu?" mwalimu mstaafu aliuliza.

"Ametumiwa kwa posta."

"Ana bahati," mwalimu alisema. "Mimi sina wa kuniletea stempu."

Karani alifikiria mshahara wake, na bei ya stempu, na wafu waliokuwa wamejipanga mpaka getini. Akampigia mhuri barua ya saba, akampa bili.

Bahasha ilifika nyumbani, ikalala sakafuni. Karani aliiokota akaiweka juu ya cherehani. Mwezi uliofuata akaweka ya pili juu yake, kisha ya tatu. Alimleta fundi bomba, akasimama naye mpaka bomba likazibwa, kisha akajuta, maana usiku ule tone la maji lilikuwa sauti pekee iliyokuwamo ndani.

Mwezi wa nne aliugua mafua siku tisa. Hakuna aliyebisha hodi. Siku ya sita alijikuta analiambia birika kwamba anakuja, anakuja, na kwa kweli birika lilikuwa linamwita kwa namna yake. Alirudi kazini tarehe kumi na tano, shati likiwa limemlegea shingoni. Stempu alikwishainunua. Alikunja bili, akaitia kwenye bahasha, akalowesha sponji. Mkono ukakaa hapo. Kisha akaitia stempu kwenye mfuko wa shati, na bahasha akaiweka rafuni pamoja na za wenzake. Alikuwa na siku tatu za kujirudi. Kila asubuhi alihamisha stempu kutoka shati la jana kwenda shati la leo, na ya tatu ikapita.

Tarehe thelathini mkewe alifika saa kumi kasoro robo, wa mwisho. Kisigino cha kiatu cha kulia kilikuwa kimeng'oka, naye alikifunga kwa ukanda wa kitambaa cha kijani. Pindo la gauni lilikuwa fupi upande mmoja, limeshonwa vizuri. Alishika kaunta kwa mikono miwili kabla ya kusema.

"Stempu zimepanda tena?"

"Zimepanda," karani alisema.

Shati lake lilikuwa jeupe, jepesi, na stempu ilikuwa nyekundu. Mkewe aliitazama mfukoni kwa muda. Karani alinyanyua kalamu ya bluu akaiweka kando ya nyeusi.

"Umekonda," mkewe alisema.

"Mafua."

"Nani alikuwa nawe?"

"Hakuna."

 Mkewe alichukua bili yake akaisoma. "Uniti tatu," alisema. "Bomba umeziba."

"Nimeziba."

"Vizuri." Akaikunja mara nne. "Nakukumbuka na mimi, mwenzangu. Usidhani ni wewe tu. Lakini miguu ni yangu." Kisha akasema, "Lete bahasha moja."

"Ya nini?"

"Ya mwezi ujao."

"Bili ya mwezi ujao haijatoka."

"Ikitoka itaingia. Lete."

Karani alileta bahasha tupu, akaiweka kati yao. Mkewe hakunyoosha mkono kwenye mfuko wa shati. Alingoja mpaka karani aitoe stempu mwenyewe. Sponji ilikuwa imekauka, maana mwisho wa mwezi haikuwa na kazi, na bomba la ofisi lilikuwa upande wa pili wa jengo.

"Nikalete maji," karani alisema.

"Lamba."

Karani alilamba. Alibandika huku mkewe anaangalia, akakandamiza kwa kidole gumba.

"Imepinda," alisema.

"Imepinda," mkewe alikubali. "Itafika."

Alitoka taratibu akishika ukuta. Getini mlinzi alimwandikia saa ya kutoka, saa kumi kamili, akachukua ufagio. Karani aliweka bahasha ile mbele kabisa ya rafu, penye jina la mkewe. Ladha ya gundi ilimkaa mdomoni mpaka jioni, na siku hiyo hakunywa chai.